Motokaa Mpya na Huduma Yake ya Kwanza

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi tangu jirani yangu hapa Kinindo aliponunua motokaa mpya. Leo nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu, ninyi mlio madarasani na ninyi mliokwisha kutoka mkaenda kazini, habari za huduma ya kwanza ya motokaa: ni nini, hufanywa lini, na kwa nini hufanywa ilhali gari halijaharibika. Hii si habari ya matajiri tu. Wengi wenu mtakuja kuendesha gari, na kama si lenu litakuwa la serikali, la shirika au la mwajiri. Na hata asiyeendesha hupanda.

Jirani yangu ni mzee aliyestaafu kazi. Aliweka akiba miaka mingi, kidogo kidogo, hata akapata gari dogo la petroli, jipya kabisa. Viti aliviacha na nailoni zake za kiwandani. Kila asubuhi alilifuta kwa kitambaa, na watoto wa mtaa walikatazwa kuligusa hata kwa kidole. Baada ya wiki sita saa ya kilometa ilisoma 970. Mwanawe, ambaye yuko sekondari, alikuwa amekisoma kitabu kilichokuja na gari. Akasema, "Baba, kitabu chasema gari likifika kilometa 1,000 lipelekwe likakaguliwe."

Mzee akajibu, "Mwanangu, fundi ni kama daktari. Nani humpeleka kwa daktari mtu asiyeumwa?"

Kijana akasema, "Baba, mtoto mchanga hupelekwa kliniki akapimwe, wala haumwi."

Mzee alicheka, lakini hakukubali. Jumamosi ile walikuwa na safari ya Gitega, kwenye harusi ya mpwa wake, na gari lilikuwa limekwisha ahidiwa kubeba mama, shangazi na mizigo. "Tukirudi tutaona," alisema. Kisha akaniita niamue baina yao. Mimi si fundi, lakini nilisoma fizikia shuleni, na nimekaa saa nyingi kwenye vibanda vya mafundi wa Buyenzi nikitazama na kuuliza. Haya ndiyo niliyowaambia.

I. Injini mpya hujifunza kazi

Ndani ya injini mna silinda, na ndani ya silinda mna pistoni iliyovikwa pete za chuma. Pete hizo hugusa ukuta wa silinda, ili moshi wa mlipuko usishuke chini na oili isipande juu. Kwa macho chuma hicho ni laini kama kioo. Ukikitazama kwa darubini ya vitu vidogo utaona vilima na mabonde. Tena kiwandani ukuta wa silinda hukwaruzwa makusudi kwa mistari myembamba inayokatana, ili ushike oili. Basi injini inapoanza kazi, vilima vya pete na vilima vya ukuta husuguana mpaka vikubaliane. Ni kama mpini mpya wa jembe: mwanzo hukwaruza mkono, halafu mpini huwa laini na kiganja huwa kigumu.

Sasa tufanye hesabu. Gari likienda kilometa 60 kwa saa, huenda kilometa moja kwa dakika. Tuseme injini yake huzunguka mara 2,000 kwa dakika. Basi kilometa 1,000 ni dakika 1,000, na injini huwa imezunguka mara 2,000,000. Katika kila mzunguko kila pistoni hupanda mara moja na kushuka mara moja. Hebu fikirini mpini uliosuguliwa mara milioni mbili!

Vumbi la chuma linalotoka katika msuguano huo huenda wapi? Huchukuliwa na oili. Maana oili haifanyi kazi moja tu, hufanya nne: hulainisha vyuma visilane, huchukua joto, husafisha uchafu na kuupeleka kwenye chujio, na huzuia kutu. Katika siku za mwanzo injini hutoa vumbi la chuma jingi kuliko wakati wowote wa maisha yake mazuri. Ndiyo sababu magari ya zamani yalikuwa yakibadilishwa oili mapema sana. Volkswagen ya mgongo wa kobe, ambayo wazee wetu waliijua sana, haikuwa na chujio la karatasi bali wavu tu. Ilichukua lita 2.5 za oili, na baada ya ile ya mwanzo oili ilibadilishwa kila kilometa 5,000.

Siku hizi mashine za viwandani hukata chuma kwa uangalifu mkubwa zaidi, na chujio hunasa chembe ndogo sana. Kwa hiyo watengenezaji wengi wameisogeza mbele oili ya kwanza, wengine mpaka kilometa 10,000 au mwaka mmoja. Wengine bado huliita gari kwenye kilometa 1,000, ama kwa kubadilisha oili ama kwa ukaguzi tu. Basi usimwulize jirani gari lake lilifanyiwa nini. Kitabu cha gari lako ndicho hakimu. Tena soma vizuri maneno haya: "kilometa kadha au miezi kadha, chochote kitakachotangulia." Gari lililokaa uani miezi kumi na miwili limefikia zamu yake, hata kama halikutembea sana.

II. Kilometa za kitabu na kilometa za Bujumbura

Vitabu vingi vya magari vina ukurasa ambao watu hawausomi, ukurasa wa matumizi magumu. Humo mmeandikwa kwamba gari la safari fupi fupi, la vumbi, la milima, la mizigo mizito, au linalonguruma muda mrefu limesimama, lihudumiwe mapema kuliko mengine. Sisi wa Kinindo tukiusoma ukurasa huo twajiona wenyewe kama katika kioo.

Kwanza, safari fupi. Kutoka Kinindo mpaka katikati ya mji ni kilometa chache. Wanafunzi wa kemia wajua kwamba petroli ikiungua huzaa hewa ya ukaa na maji. Lita moja ya petroli huzaa maji yapatayo lita moja, katika hali ya mvuke. Mwingi hutoka kwa bomba la moshi, lakini kidogo hupenya kando ya pete na kuingia katika oili. Injini ikipata moto wa kutosha kwa muda mrefu, mvuke huo hutoka. Injini ikizimwa kila baada ya dakika kumi, maji hubaki, oili huchafuka na mwisho hugeuka tope jeusi.

Pili, vumbi. Lita moja ya petroli haiwezi kuungua vizuri bila hewa ipatayo lita 9,000. Hewa yote hiyo hupita katika chujio moja la karatasi. Wakati wa kiangazi, katika barabara za mtaa zisizo na lami, mnaweza kukisia chujio hilo humeza nini.

Tatu, foleni ya petroli. Tangu mwaka 2021 Burundi imepatwa na uhaba wa petroli mara kwa mara, na wenye magari wamekesha kwenye vituo, wakiwasha na kuzima injini ili kusogea hatua tatu. Saa ya kilometa haihesabu kazi hiyo, lakini oili huihesabu. Na petroli inayouzwa kwa magendo katika bidoni huweza kuwa na maji au takataka.

Nne, mlima. Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha mita 775 hivi juu ya usawa wa bahari. Bugarama, ambapo barabara ya Gitega huachana na ya Kayanza, iko juu ya mita 2,000. Anayerudi Bujumbura hushuka zaidi ya mita 1,200 kwa mwendo wa kilometa zipatazo 35 za kona. Tuchukue gari lenye uzito wa kilo 1,200 pamoja na abiria. Nguvu inayopaswa kuondolewa katika mteremko ule ni 1,200 × 9.8 × 1,200, yaani juli milioni 14 na zaidi. Joto hilo latosha kuchemsha lita 40 za maji! Dereva mwenye akili huiachia injini sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa kuweka gia ndogo. Asiyejua huibebesha breki yote. Na breki za mtu huyo hazina budi kuwa nzima.

III. Kazi zinazofanywa

Katika huduma ya kwanza fundi hufanya mambo haya, na mwenye gari yafaa ayajue ili aweze kuuliza.

1. Kubadilisha oili na chujio lake, kama kitabu kimeagiza. Hapa Bujumbura kazi hiyo yaitwa vidanje. Oili humwagwa injini ikiwa na moto kidogo, maana oili ya moto hutoka upesi na kuchukua uchafu. Nati ya chini hupewa washa mpya. Oili mpya iwe ya namba iliyoandikwa kitabuni. Mathalani, katika 5W-30, tarakimu iliyo mbele ya W yaonyesha jinsi oili inavyotiririka wakati wa baridi, na ya nyuma yaonyesha uzito wake injini ikiwa na moto. Isijazwe kupita alama ya juu. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka huipiga ikafanya povu, na povu halilainishi chuma.

2. Kutazama breki: pedi, mabomba, mipira na kimo cha mafuta ya breki. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewani, na magari mengi hutaka yabadilishwe baada ya miaka miwili hivi. Katika huduma ya kwanza hutazamwa tu.

3. Kukaza nati za magurudumu kwa spana yenye kipimo, kwa kuvukana, si kwa kufuata duara. Pamoja na hayo, kupima upepo wa matairi, la akiba likiwamo.

4. Kutazama maji ya rejeta, mikanda, mipira, na vichwa vya betri kama vimekazwa.

5. Kulinyanyua gari na kutazama chini: kama lavuja, kama usukani una mchezo, kama kuna kibanio kilicholegea. Gari hutikisika katika kilometa zake za kwanza, na kilichosahauliwa kiwandani au njiani hujulikana hapo.

6. Kutazama taa zote, honi na waipa, kisha kuliendesha mwendo mfupi na kulisikiliza.

7. Kuandika kitabuni tarehe, kilometa na kazi iliyofanywa, na kupiga muhuri.

Jambo hili la saba watu hulidharau. Dhamana ya mtengenezaji ni ahadi yenye masharti, na sharti kubwa ni kwamba gari limetunzwa kama ilivyoagizwa. Injini ikifa mwaka wa pili na kitabu ni kitupu, mwenye gari hana ushahidi wa kutetea haki yake. Zaidi ya hayo, siku utakapoliuza, mnunuzi mwenye akili atafungua kitabu kabla ya kufungua mlango.

IV. Kazi ya mwenye gari

Huduma ya kwanza huanza nyumbani, siku gari linapofika. Katika kilometa 1,000 za kwanza, usilikimbize sana, wala usiende mwendo ule ule saa nzima. Usikanyage mafuta mpaka chini. Usivute gari jingine. Katika kilometa 300 za mwanzo jizuie kufunga breki kwa ghafula, isipokuwa kuna hatari, maana pedi nazo zajifunza kukubaliana na chuma chake. Kila wiki, gari likiwa mahali palipo sawa na injini imetulia, toa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kisha kitoe tena ukitazame.

Siku ya huduma, kama wakuruhusu, simama karibu utazame. Omba kuonyeshwa chujio la zamani. Fundi mwema hapendi kufichwa wala kuficha. Wengine katika Buyenzi hawana vyeti lakini mikono yao inajua. Walakini gari likiwa bado na dhamana, soma kwanza masharti yasemavyo juu ya nani anaruhusiwa kulihudumia.

Tena uliza oili chafu yaenda wapi. Mifereji ya mitaa yetu huteremka ziwani, na maji ya bomba ya Bujumbura hutoka katika ziwa hilo hilo. Anayemwaga oili mferejini amwaga katika gudulia lake mwenyewe. Oili chafu iwekwe katika bidoni yenye kifuniko na kukabidhiwa kwa wanaoikusanya.

V. Gari "jipya kwako"

Najua msomaji mmoja atasema, "Wewe waeleza habari za gari la kiwandani. Langu limetoka Japani, limekwisha tumika, likapita bandari ya Dar es Salaam." Ndugu yangu, magari mengi ya mjini kwetu ni ya namna hiyo, na huduma yake ya kwanza ni ya lazima kuliko ya gari jipya, kwa kuwa hujui lilitunzwaje. Badilisha oili zote na machujio yote bila kungoja kilometa 1,000. Kama injini ina mkanda wa ndani wa mpira, uliza umri wake. Magari mengi yenye mkanda huo huutaka ubadilishwe karibu na kilometa 100,000, na ukikatika huweza kuua injini kwa nukta moja.

Tazama pia ndani ya mlango au chini ya boneti. Mara nyingi utakuta karatasi ndogo iliyobandikwa na fundi wa Japani kuonyesha siku na kilometa za oili. Mara nyingine mwaka umeandikwa kwa hesabu yao. Enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989 ikaisha 2019, na hapo ikaanza Reiwa. Kwa mwaka wa Heisei ongeza 1988, kwa wa Reiwa ongeza 2018. Hivyo Heisei 30 ni mwaka 2018, na Reiwa 3 ni mwaka 2021. Kama saa ya gari yaonyesha kilometa chache kuliko zile za karatasi, basi huenda mtu ameirudisha nyuma, na huenda gari limetembea zaidi ya ulivyoambiwa.

VI. Mwisho wa habari ya mzee

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Hesabu ya pistoni haikumgusa sana. Kilichomgusa ni lita 40 za maji. Akauliza mara mbili, "Arobaini? Na mama watoto yumo ndani?" Alhamisi asubuhi tukalipeleka gari, sisi watatu.

Oili ilikuwa nzuri. Nati zote zilikuwa zimekazwa. Nilikwisha kuanza kuona haya, nikidhani nimemtia mzee hasara ya nusu siku. Ndipo fundi, akiwa chini ya gari, akamwita kijana, "Njoo utazame." Mpira wa breki wa gurudumu la mbele, upande wa kushoto, ulikuwa umetoka katika kibanio chake. Usukani ukikatwa mpaka mwisho, tairi liliugusa. Palikuwa na alama ya kusuguliwa, nyembamba, kama mkwaruzo wa ukucha. Haukuwa umetoboka. Fundi aliubadilisha, akaurudisha wa mpya mahali pake, akatoa upepo katika breki, akaujaribu mara nyingi. Kazi yenyewe haikufika saa moja.

Mzee hakusema neno. Aliuchukua ule mpira wa zamani, akaufunga katika kitambaa chake cha kufutia gari, akautia mfukoni. Jumamosi walikwenda Gitega, na Jumapili walirudi salama, wakiteremka Bugarama kwa gia ndogo, huku wakipitwa na vijana wa baiskeli waliobeba ndizi. Kama mpira ule ungalivumilia safari ile au ungalipasuka, mimi sijui, na hakuna ajuaye. Huduma ya kwanza ina tabia hiyo: ikifanya kazi yake, hakuna kinachotokea, na mtu huweza kudhani alipoteza fedha bure.

Basi wenzangu, upya wa kitu si uzima wake. Kitu kipya hakijathibitishwa bado, na kinachothibitisha ni jicho la mtu anayekijua. Kinga ni bora kuliko tiba. Na mkiona kitabu kilichokuja na kitu, kifungueni. Katika nyumba ile aliyekifungua alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mwanafunzi.

Maswali

1. Gari lilikwenda kilometa 1,500 kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, injini ikizunguka mara 1,800 kwa dakika. Injini ilizunguka mara ngapi?

2. Taja kazi nne za oili. Ni ipi iliyo kubwa zaidi katika siku za mwanzo za injini, na kwa nini?

3. Kwa nini gari linalokwenda mjini kila siku kwa dakika kumi huchafua oili kuliko gari linalosafiri mbali?

4. Karatasi iliyo katika gari kutoka Japani imeandikwa Heisei 27. Ni mwaka gani?

5. Mwulize mzazi au jirani mwenye gari akuonyeshe kitabu cha huduma. Andika tarehe na kilometa za muhuri wa mwisho. Kama hakuna muhuri, umweleze kwa adabu yale uliyoyasoma hapa.